Askari Wawili wa Jina Moja

Nilifika Minnesota na sanduku moja, koti la kuazima na barua ya chuo. Miaka sita baadaye nilirudi Rombo na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenisukuma. Natanguliza hayo kwa sababu ninayoyaeleza hapa hayanipambi sana, na sitaki msomaji adhani nilikuwa mtu wa kubahatisha. Darasani kwetu, mwandiko wa zamani ukiwashinda Wamarekani wenyewe, mwalimu aliniita mimi. Makarani wa karne ile waliandika kwa wino, herufi zimelaliana kama migomba baada ya upepo. Mimi nilifundishwa mwandiko na masista kwa fimbo, nikazisoma bila kusita.

Kazi ya kunilisha ilikuwa nyingine. Siku tatu kwa wiki nilimhudumia mzee mmoja wa Champlin: kumwogesha, kumpikia uji wa shayiri, kumkata kucha, kumpeleka kwa daktari. Nilitafutiwa kazi hiyo na dada mmoja Mkisii, muuguzi wa hospitali moja ya Coon Rapids. Tulikuwa tumepanga jengo moja pale Fridley, yeye juu, mimi chini. Alinipa kazi pamoja na onyo.

"Kakangu, hao wazee hawana shida. Shida ni watoto wao, wanahesabu vijiko. Ukiingia andika saa, ukitoka andika saa. Na wakikuletea karatasi, usi-sign kabla hujaisoma mara mbili."

"Kusoma ndiyo kazi yangu, dada."

"Haya, profesa."

Nilinunua daftari nikaandika saa. Sikumwambia kwamba ushauri wake ulinifaa mno kwa sababu hata bila yeye nisingemwamini mtu yeyote. Nchi ile ilikuwa imenifundisha hivyo: ukitabasamiwa sana dukani, kuna mtu nyuma yako anakutazama mifuko.

Mzee alikuwa na miaka themanini na kitu, mjane, fundi mitambo aliyestaafu kutoka kiwanda kimoja cha Fridley. Miguu ilikuwa imemfa ganzi, kwa hiyo aliishi kati ya kiti cha magurudumu na dirisha lililotazama mto. Mtoto wake pekee aliyebaki, binti, alikaa Coon Rapids na alipita kila jioni akitoka kazini. Wiki za mwanzo aliingia jikoni kabla ya kunisalimu, akafungua kabati moja baada ya jingine, akalifunga kila moja taratibu. Siku moja aliacha mkoba wake mezani ukiwa wazi, mdomo umenielekea mimi. Niliuzunguka kama mtu anayezunguka nyoka, na katika daftari langu nikaandika: mkoba, saa kumi na moja na nusu, sikuugusa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka, theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya madirisha, mzee aliniuliza nikiwa namvisha soksi.

"Wewe si unasomea makaratasi ya zamani?"

"Ndiyo, mzee. Na kwa mwandiko wa mkono ni mimi wa kwanza darasani."

"Sikukuuliza hilo. Nitafutie mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la kaskazini liliuzingira Vicksburg, mji ulioko juu ya kingo za mto Mississippi huko kusini, mto huohuo unaopita nyuma ya nyumba ya mzee. Waliuzingira kwa wiki nyingi, mpaka waliokuwa ndani wakala nyumbu wao wa kubeba mizigo. Vijana wa Minnesota walikuwa kwenye mahandaki ya nje. Mzee alikuwa mwanachama wa chama kidogo cha wajukuu na vitukuu wa askari hao. Kila mwisho wa mwezi wa tano, siku wanayowakumbuka askari waliokufa, chama hicho hupita barabarani kwa maandamano, kila mtu ana utepe kifuani wenye jina la babu yake. Mzee alikuwa amepita nao miaka thelathini, minne ya mwisho akisukumwa, kwa neno la ukoo tu: baba wa babu yake alifia kwenye mzingiro ule.

Sasa chama kilikuwa na katibu mpya, mwalimu mstaafu. Huyu alitaka karatasi. Asiyeleta uthibitisho kabla ya mwisho wa mwezi wa nne angefutwa kwenye orodha. Fomu yao ilikuwa na sehemu mbili: ya mwanachama, na ya mtu aliyesoma nyaraka, ambaye anaandika alichokiona na kutia sahihi.

"Miaka thelathini watu wameniona na jina lake kifuani," mzee alisema. "Wakinifuta, watasema nilikuwa nadanganya mji mzima."

Alitia sahihi sehemu yake palepale, akanikabidhi fomu.

Mtu mwingine angeona heshima. Mimi nilijiuliza: kwa nini mimi? Binti yake anasoma Kiingereza tangu azaliwe. Nilimwomba mzee nyaraka za nyumbani nianzie hapo, akasema hakuna. Lakini chumbani kwake kulikuwa na droo yenye kufuli, na mara mbili nilimkuta ameisogelea na kiti chake, akageuka haraka. Nilimuuliza kuhusu babu yake.

"Alikuwa kijana vita vilipoanza," alisema. "Alirudi."

"Alirudi lini?"

Aliongeza sauti ya televisheni.

Nilimsimulia dada Mkisii alipokuwa akipika ugali jikoni kwake.

"Anataka jina la Mwafrika chini ya uongo wake," alisema bila kugeuka. "Mambo yakiharibika, wa kulaumiwa ni wewe. Mwenyewe atasema, ah, ni yule kijana, hajui historia yetu."

"Mimi historia yao naijua kuliko wao."

"Ndiyo maana amekuchagua."

Jumamosi nilikuwa nikienda Saint Paul na gari langu lisilo na joto, nimevaa glavu mbili mbili. Kwenye maktaba ya kumbukumbu nilikaa mbele ya mashine ya kusomea filamu za nyaraka, nikizungusha mkono wake, kurasa za orodha za askari zikipita zimefifia kama maziwa yaliyotiwa maji. Wenzangu pale walikuwa wastaafu wenye miwani ya kukuzia, wanaosoma ukurasa mmoja kwa saa nzima. Mimi nilimaliza kitabu kizima kwa mchana mmoja. Jumamosi ya tatu nilimpata.

Niliwapata, nitasema hivyo. Walikuwa wawili, kikosi kimoja, jina moja, la kwanza na la ukoo, sawasawa na la mzee mwenyewe. Mmoja alikuwa na miaka arobaini na moja. Alikufa kwa homa kambini, mwezi wa sita, mji ukiwa bado umezingirwa. Wa pili alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwezi huohuo karani aliandika mbele ya jina lake kwamba hayupo, na kwamba hakupewa ruhusa. Kurasa zilizofuata hazikumtaja tena.

Hapo nikafanya hesabu, na msomaji wa kwetu ataiona ilivyokuwa safi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. Baba hampi mwanawe jina lake mwenyewe, maana ni kama kumhesabia siku zake. Kwa hiyo majina huruka kizazi, na mkikuta watu wawili wa jina moja katika ukoo mmoja, hao ni babu na mjukuu, au ni binamu waliorithi babu mmoja. Sisi tuko wanne tunaobeba jina la babu yetu, na mkubwa wetu alikuwa na wajukuu nikiwa darasa la tatu, maana baba yake alitoka nyumba ya kwanza na wangu nyumba ya mwisho. Askari wa miaka arobaini na moja na wa kumi na tisa hawakunisumbua hata kidogo. Binamu.

Na mzee je? Mzee ana jina hilohilo, basi amelipata kwa babu yake. Babu yake alikuwa kijana. Babu yake alirudi. Ndiyo, alirudi kwa sababu alitoroka! Yule aliyefia kambini alikuwa babu wa watu wengine, na mzee alikuwa amemvaa kifuani miaka thelathini. Kufuli, televisheni, fomu iliyotiwa sahihi mapema, vyote vilikaa mahali pake. Kwetu mtu anayejidai mjukuu wa asiye babu yake anatafuta shamba la ukoo. Huyu sikujua anatafuta nini, ila nilijua amenichagua mimi nimfichie.

Sikumuuliza. Nilikaa kwenye kompyuta ya chuo, nikaandika kurasa mbili zilizonyooka, kwamba kwa mujibu wa nyaraka ukoo wa mwombaji unatokana na askari wa pili, aliyeondoka bila ruhusa, na kwamba askari aliyefariki ni ndugu wa pembeni. Nilitia sahihi, na chini yake nikaandika masomo yangu yote. Nikaziambatanisha na fomu na kuzipeleka posta ya Fridley mwenyewe.

"Umemwambia mzee?" dada aliuliza jioni ile.

"Nimwambie aichane?"

"Umefanya vizuri." Aliendelea kukata sukuma wiki. "Lakini ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimesoma."

"Sawa. Diploma imesema."

Kwa wiki mbili niliingia na kutoka, nikiandika saa, nikimwogesha mzee, naye akiniuliza kila nilipoingia nimefika wapi. Nilimwambia kazi inaendelea. Uongo huo sikuuandika kwenye daftari.

Siku majibu yalipokuja, nilikuta gari la binti nje saa nne asubuhi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Alikuwa amekaa jikoni, barua mbele yake. Hakuniangalia mikono wala mfuko.

"Kaa," alisema.

Mzee alikuwa dirishani, ametupa mgongo. Mtoni barafu ilikuwa imeanza kupasuka.

"Wamemfuta. Wamesema ni kwa sababu ya maelezo yako." Aliigeuza barua nione sahihi ya katibu. "Nani alikuambia hawa ni binamu?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa utulivu wa mtu anayejua, jina la babu, kuruka kizazi, nyumba ya kwanza na nyumba ya mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba hakunikatiza. Halafu akaenda chumbani, nikasikia kufuli. Alirudi na Biblia ya jalada la ngozi, akaifungua ukurasa wa mbele ambapo familia zao huandika vizazi.

Jina lilikuwa pale. Chini yake lilikuwa jina lilelile, na mwaka wa kuzaliwa wa kijana wa kumi na tisa. Chini tena, jina lilelile. Halafu la mzee. Halafu mtoto aliyekufa akiwa na miaka tisa, kaka yake huyu binti, jina lilelile.

"Baba na mwana," alisema. "Baba na mwana, mpaka mwisho. Waliandikishwa siku moja. Uliona tarehe?"

Nilikuwa nimeiona. Sikuwa nimeipa maana.

"Baba hampi mwanawe jina lake," nilisema, na nikasikia nilivyosikika.

"Hapa anampa." Akaweka kidole kando ya jina la yule kijana, penye mstari mdogo wa wino uliofifia. "Na hapa pameandikwa nini? Tangu nikiwa mdogo baba anasema hapasomeki."

Nilimtazama mzee. Mgongo wake haukusogea. Nilijua basi kilichokuwa kikifungiwa, na kwamba kwa upande mmoja nilikuwa nimehisi sawa: alikuwa na kitu anachokificha, ila si nilichodhani. Nikausoma mstari. Ulikuwa mwandiko wa mwanamke, mama wa yule kijana.

"Amerudi peke yake kuniambia baba yake amekufa. Asiulizwe."

Mpaka leo sijui kama mama yule aliandika kilichotokea au alichotaka kiwe kimetokea. Vicksburg ni mbali mno kwa kijana kuacha bunduki ili akapeleke habari. Lakini wakati ule sikuwa na haki ya kumshuku mtu mwingine.

Usiku huo niliandika barua ya pili. Katibu alijibu haraka, na jibu lake lilikuwa fupi: ana barua mbili, sahihi moja, kila moja inaikana nyingine, na kamati haiwezi kujua ipi ya kuaminiwa. Basi mwombaji aje na Biblia, na mwanafunzi aje na maelezo.

Dada Mkisii aliisoma akacheka mpaka akakaa. "Sasa wewe ndiye unayehesabiwa vijiko."

"Nitawaeleza."

"Utawaeleza kwamba ulikosea, au utawaeleza darasa lenu lilikuwa na watu wangapi?"

Kamati ilikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa moja pale Coon Rapids. Walikuwa wazee wanane kwenye viti vya kukunja, kahawa nyepesi, keki ya vipande vya mraba. Binti alikuwa zamu kazini, kwa hiyo nilimsukuma mzee mimi. Alivaa tai. Hakuwa amezungumza nami ila kuhusu maji ya kuoga tangu siku ya Biblia.

Katibu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Alizipanga barua zangu mbili mezani kama mwalimu aliyekamata madaftari yenye majibu ya kunakiliana.

"Hii ya kwanza, uliiandika ukiwa na uhakika?"

"Ndiyo."

"Na hii ya pili?"

"Ndiyo."

Bwana mmoja mwisho wa meza alicheka puani.

"Katikati ya ile ya kwanza na hii ya pili, nani alikuja kuzungumza nawe?"

"Hakuna aliyekuja. Ningekuwa nimezungumza na mtu, nisingeandika ya kwanza."

"Eleza."

Nilieleza. Sikutaja masomo yangu. Nilisema niliyasoma majina yao kwa desturi ya kwetu, kwamba nilichukua baba na mwana nikawafanya binamu, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Maneno hayo sikuwa nimewahi kuyasema mbele ya watu kabla ya hapo, na sijayasema tena.

Bibi mmoja aliyekuwa akifuma kofia alisimamisha sindano zake. "Kwenu baba hampi mtoto jina lake?"

"Hampi."

"Sasa mnajuaje huyu ni mwana wa nani?"

"Tunauliza," nilijibu, na masikio yangu yakawaka moto.

Katibu aliisogeza Biblia mbele yangu. "Mstari huu wa pembeni. Unausoma?"

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua kwamba nikisema hausomeki, katibu angeniamini, maana hakuna mwanakamati aliyeweza kuusoma. Nilijua pia kwamba ningekuwa na barua tatu badala ya mbili.

"Usome," mzee alisema.

Nikausoma kwa sauti. Neno la mwisho lilibaki hewani. Yule bwana aliyecheka aliichukua keki yake akairudisha kwenye sahani. Katibu aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema kamati inamtambua mwombaji kuwa kitukuu wa askari aliyefia kwenye mzingiro, na kuhusu mwanawe, kamati haina swali. Mikono sita ilipanda. Wawili walibaki wamekumbatia vikombe vyao.

Nilimpandisha mzee garini, nikakunja kiti, nikaendesha kuelekea Champlin kwa barabara ya kando ya mto. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli tu, nyeusi kwa masizi ya magari. Tulipita taa tatu za barabarani.

"Uliwaeleza vizuri," alisema hatimaye.

"Asante, mzee."

"Ile barua ya kwanza. Uliipeleka posta bila kuniambia."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ningeweza kutafuta jibu zuri zaidi, na Kiingereza changu kilikuwa kinatosha. "Nilidhani ungeichana."

Aligeukia mto.

"Ningeichana," alisema, kisha akaniomba nimteremshie kioo kidogo, apate hewa.